Je, Likizo ya Masika ni Mali ya Nani?

Katika vitabu walivyosomea wengi wetu, majira ya furaha yalikuwa yale ya Ulaya, theluji inapoyeyuka na maua ya manjano kuchomoza kando ya ziwa. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki vilikariri shairi la Wordsworth juu ya ua ambalo havikupata kuliona. Mpakani mwa Kenya na Uganda, baina ya Busia na Tororo, majira hayo hayapo. Kuna masika. Mvua kubwa huanza mwezi wa Machi, hushika Aprili na Mei, na ngurumo zake ni za kutajika: hesabu zilizofanywa Tororo kati ya mwaka 1967 na 1976 zilipata wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka. Yafaa basi sisi walimu tujiulize swali ambalo vitabu vile havikutuuliza. Furaha za majira haya ni haki ya nani, na ni nani mwenye idhini ya kumnyima mtoto?

Iliyo kuu miongoni mwazo ni kumbikumbi. Ardhi ikishalainika kwa mvua, mchwa wenye mabawa hutoka vichuguuni kuruka na kutafuta wenzi. Wakitua hupukutisha mabawa, kisha dume na jike hujichimbia ardhini kuanzisha kichuguu kipya. Wako watokao alasiri, na wako watokao usiku. Jamaa za nyumba husimika fito zilizopindwa juu ya kichuguu, wakazifunika kwa majani ya migomba au blanketi kuukuu, na kuacha upenyo mmoja tu wa mwanga unaoelekea kwenye shimo dogo. Kumbikumbi huufuata mwanga na kuporomokea humo. Kwa mchwa wa aina nyingine, watoto hukaa wakigonga vijiti kwa mdundo mwepesi usiokoma, hata wadudu wakadhani kwamba mvua inanyesha. Baadaye huja kukaanga, ambako hakuhitaji mafuta ya dukani kwa kuwa kumbikumbi hukaangika kwa mafuta yao wenyewe, na chumvi kidogo. Wanaosalia huanikwa juani. Kichuguu nacho aghalabu kina mwenyewe anayejulikana, na mtoto asiyebisha hodi kwake hupata la kumpata.

Furaha nyingine ni ndogo zaidi: kufinyanga ng'ombe wa udongo kando ya njia, kula mahindi mabichi mvua zinapoelekea ukingoni, kupanda Mwamba wa Tororo ambao kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari na ambao huonekana kutoka mbali kabla ya mji wenyewe. Lakini iliyo na uzito kuliko hizo ni kwenda kuwaamkia jamaa ng'ambo. Mwaka 1902 Waingereza waliitoa iliyokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda wakaitia katika himaya ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Mpaka uliotokana na hatua hiyo uliwaacha Wasamia na Wateso huku na huku. Hivyo safari ya mtoto wa Busia kwenda kwa shangazi yake huweza kuwa ya mwendo wa nusu saa kwa miguu, na bado ikawa safari ya kwenda nchi nyingine.

Hapo ndipo pana jambo ambalo sijasikia likijadiliwa vya kutosha. Masika ni moja, ila kalenda za shule ni mbili. Kwa kawaida shule za Kenya hufunga muhula wa kwanza mwanzoni mwa Aprili, na za Uganda hufunga mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, wakati wale wa Kenya wamekwisha kurudi darasani au wako karibu kurudi. Watoto wa ndugu wawili hawapati kukutana isipokuwa siku chache za Pasaka. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 ili malori yasicheleweshwe. Kwa binamu hao hakuna aliyejenga kituo.

Na hizo siku chache nazo tunazipunguza kwa masomo ya ziada. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyakataza masomo ya likizo, lakini kila mwalimu anajua namna yanavyobadilishiwa jina. Nisidharau hoja ya wanaoyatetea. Mzazi maskini huona mtihani kuwa ndio mlango pekee aliofunguliwa mwanawe, na mwenye nacho atamwajiria wake mwalimu nyumbani hata tukifunga shule zote. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli, na anayeijibu kwa kusifu mashamba na mvua hajaijibu.

Jawabu langu ni kwamba muhula tumekabidhiwa sisi, likizo hatukukabidhiwa. Kosa la walio wengi ni kusema udongo upatize uli maji, wakadhani methali imewapa ruhusa ya kufinyanga bila kupumzika. Waulizeni wafinyanzi. Chungu kilichokwisha kuumbwa huwekwa kivulini kikauke polepole, siku nyingi, na hakuna anayekigusa; kikikimbizwa motoni kingali na maji ndani yake, hupasuka. Zile siku za kivulini hazimwongezei chungu umbo wala nakshi, nazo ni sehemu ya kazi.

Hata hivyo nisingependa kuwatetea kumbikumbi kwa kudai kuwa wanafundisha elimu ya viumbe. Wanafundisha, ndiyo, na mdundo wa vijiti una hesabu yake. Lakini tukianza kuruhusu furaha kwa sababu ina faida darasani, tutairuhusu kwa kipimo chetu, na kesho tutaitungia maswali na kuisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mtoto anayetazama kumbikumbi wakitoka kama moshi haendi kutafuta maarifa. Anafurahi pamoja na watu wake, na furaha hiyo haihitaji kibali chetu.

Wizara mbili zinaweza kukaa na kuzifanya hata wiki mbili za Aprili ziwe za pamoja kwa wilaya za mpakani. Jambo hilo ni la ratiba tu, wala halidai fedha za kigeni, na vyama vya walimu vya pande zote mbili vingeweza kulipeleka kwa sauti moja. Kwa sasa, mwalimu wa Busia au wa Tororo anayeona wingu limeshuka na wanafunzi wake wanachungulia dirishani alasiri ya Machi, afunge kitabu dakika kumi kabla ya kengele.