Saa Iliyookolewa Njiani ni ya Nani?

Wenye kupanga njia katika zama hizi wana hesabu yao. Huitazama saa anayoipoteza msafiri njiani, wakaipa bei kwa kufuata ujira wake. Kisha huzijumlisha saa hizo ili wajue kama barabara mpya itarudisha gharama zake. Hatuilaumu hesabu kwa kuwa ni hesabu. Lakini ikiwa saa ya karani ni ghali na saa ya hamali ni rahisi, njia itajengwa kwa ajili ya nani? Mwaka 2022 Nairobi ilifunguliwa barabara ya juu, kilomita 27, toka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye motokaa hulipa ada akapita. Aendaye kwa miguu hana nafasi juu yake. Na hapa kwetu Likoni, mwenda kwa miguu huvuka bure, naye huilipa feri kwa kungoja. Kungoja nako ni kulipa, illa hapewi stakabadhi.

Liko zito zaidi ya hili. Kiirua, huko Meru, watu hulima viazi, na kiazi hakigombani na saa: kikichelewa siku moja bado ni kiazi. Jirani zao wa Nyambene hulima miraa, na jani hilo baada ya siku mbili tatu halina mnunuzi. Ndiyo maana magari yanayolipeleka Nairobi yamejulikana nchi nzima kwa mbio. Hapo saa imeokolewa kweli, na faida yake huonekana sokoni. Bali hatari yake wanaibeba wengine: mtoto avukaye kwenda shule, mwenye baiskeli, mzee na mbuzi wake. Hawakuulizwa, wala hawana fungu katika faida. (Na tuseme kweli, ndugu zetu: sehemu ya miraa hiyo hushuka hata Mombasa, na saa iliyokimbiziwa hivyo huketishwa barazani toka alasiri mpaka usiku.)

Mtu ana haki ya kuiuza saa yake apendavyo. Roho ya mwenziwe si mali yake. Kanuni za Waziri Michuki za mwaka 2004 ziliyafungia matatu mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lakini dereva bado anadaiwa fedha za kila siku na mwenye gari, na abiria aliyechelewa kuamka humhimiza akanyage. Basi wahesabuji wa saa tungewataka waiandike pia hatari ya aliye kando ya njia, na foleni ya Likoni ya alfajiri, ya hamali na ya karani kwa bei moja.