Wana Wetu Waendao Ziwani
(Soma Yohana 21:1–17 na Warumi 16:1–2)



Mwezi huu nataka tuwafikiri wana wetu walioiacha nchi yetu kavu ya Ugogo, wakaenda kaskazini mbali, kwenye visiwa vya Ziwa Viktoria, ili wapate kazi ya uvuvi. Hapa Zuzu si nyumba moja wala mbili iliyotoa mtu. Wengine hurudi na fedha, wengine hurudi na ugonjwa, na wengine hatujui habari zao. Hao wa mwisho ndio walionifanya niandike.

Kuhama kwa sababu ya njaa si jambo geni kwetu. Wazee walituachia habari ya Mtunya, njaa ile kuu ya siku za Vita Kuu ya Kwanza, iliyoendelea hata baada ya vita kwisha, watu wakatawanyika huku na huku wakitafuta chakula. Mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja tu. Ikikatika mapema, uwele na mtama hukauka kabla ya kuzaa. Mwenye ng'ombe huuza ng'ombe, na asiye nao huuza nguvu za mikono yake. Tena njia i karibu. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Zuzu kuelekea Tabora, na mwaka 1928 tawi lake likafika Mwanza. Basi kijana ambaye hakujua samaki ila kambale wa mbuga ya Bahi, hujikuta kando ya maji yaliyo makubwa kuliko mkoa wetu wote wa Dodoma.

Huko kazi kubwa ni mbili. Ya kwanza ni sangara. Samaki huyu si mwenyeji wa ziwa. Aliletwa na watu katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka sana katika miaka ya 1980, akawala furu na samaki wengine wadogo. Kisha viwanda vya Mwanza vikaanza kumkata minofu na kuipeleka Ulaya, na mabondo yake huuzwa kwa bei kubwa hata nchi ya China. Kazi ya pili ni dagaa, hao tuwanunuao sokoni kwa kopo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Taa huwavuta wakaja juu, ndipo wavuvi huwazungushia wavu. Na kukipambazuka huanikwa juani wakauke. Katika mauzo hutolewa kwanza gharama za mafuta na chakula, kisha mwenye mtumbwi hutwaa fungu lake, na yaliyosalia hugawanywa kwa watu waliokesha majini.

Sioni dhambi yo yote katika kazi hii. Bwana wetu mwenyewe aliwachagua wavuvi, wala hakuwacheka kwa harufu ya nguo zao. Kwa hiyo sikuandika ili niwalaumu vijana kwamba wanakimbilia fedha; maneno hayo wamekwisha kuyasikia. Nataka kunena habari ya kosa jingine, nalo ni kosa langu mimi.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikitumikia usharika mwingine katika nchi hii ya Ugogo, kijana mmoja alinijia jioni. Nilikuwa nimemfundisha Kipaimara mwenyewe. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, na mama yake ni mjane. Mwaka ule shamba lao la uwele halikutoa hata debe moja. Akasema, "Mchungaji, kesho naondoka kwenda Mwanza, kisha visiwani. Naomba barua ya usharika, ili nikaribishwe huko."

Nikafungua daftari, nikaona kwamba hakutoa ahadi yake kwa miaka mitatu. Nikamwambia, "Mwanangu, utaratibu ni utaratibu. Lipa ahadi kwanza, ndipo nikuandikie." Akajibu kwa adabu, "Haya, Mchungaji. Fedha hiyo ndiyo niendayo kuitafuta." Akaniaga, akaenda zake. Nami nikafunga daftari, nikalala usingizi mwema.

Ikapita miaka minne. Jumapili baada ya Jumapili mama yake alisimama mlangoni mwa kanisa, akaniuliza kama nimesikia neno lo lote. Nikamjibu, "Tumwombee, mama." Ni neno jema, lakini kwangu lilikuwa pia njia ya kupita upesi.

Mwaka wa tano nikapata safari ya Mwanza. Yule mama akanipa mlenda mkavu katika kitambaa, na jina la kisiwa alilolisikia kwa mpita njia. Nikavuka kwa mtumbwi wa mashine karibu nusu siku, nikafika mwaloni, ndipo mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Nikaona vibanda vya mabati na maturubai vimesongamana, dagaa wameanikwa juu ya mchanga na miamba, na vilabu vya pombe vikipiga muziki mchana kweupe. Nikauliza huku na huku hata alasiri. Mtu mmoja mwembamba aliyekuwa akishona wavu akainua kichwa, akasema, "Mbukwa." Ndipo nikamjua.

Tukaketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Akaniambia hivi: "Mchungaji, watu wa nyumbani hudhani hatari yetu ni usiku wa giza. Ni kweli, upepo huja ghafula, na wenzangu wawili walizama. Lakini usiku wa giza mtu ana kazi, na kila mmoja humwomba Mungu. Hatari kubwa ni mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa; basi kambi yote hukaa bure siku kadhaa, na fedha i mfukoni, wala hakuna mtu ajuaye jina la baba yako." Akanieleza jinsi fedha ya giza inavyoliwa na mbalamwezi, kwa pombe na kwa wanawake, kisha mtu hukopa kwa tajiri wake apate kula, na giza likirudi avua samaki wa kulipa deni. Hivyo ndivyo miaka minne ilivyopita bila nauli ya kurudi, naye aliona haya kutuma neno tupu.

Nikamwuliza, "Je, hapa hakuna kanisa?" Akanionyesha banda la mabati juu ya mwinuko. Akasema, "Lipo. Walutheri wenzetu husali pale." Nikasema, "Nawe?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sikuwa na barua."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka ile yote nilidhani ameliacha kanisa. Kumbe yeye alidhani kanisa limemwacha, akalitii.

Nikachana karatasi, nikaandika palepale juu ya goti langu: jina lake, mwaka wa ubatizo wake na wa Kipaimara chake, kwamba yeye ni ndugu yetu, na kwamba kuchelewa kwa barua hiyo ni kosa la mchungaji wake. Akaikunja, akaitia katika mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake, ili isilowe. Hakurudi nami. Yuko huko hata leo. Lakini mzee mmoja wa kanisa lile dogo hunipa habari zake, na mama yake sasa apata jibu.

Basi, ndugu zangu, tuitazame Injili. Wanafunzi saba walikesha ziwani Tiberia wasipate kitu. Kulipopambazuka Bwana alikuwa amesimama ufukoni, nao hawakumtambua. Angalieni mambo mawili. La kwanza, Bwana hakuwangoja Hekaluni Yerusalemu. Aliwafuata mwaloni, mahali pa kazi yao na pa uchovu wao, akawasha moto, akawawekea samaki na mkate. La pili, Petro alikuwa na deni kubwa kuliko ahadi ya miaka mitatu, maana alimkana Bwana wake mara tatu. Na deni lile halikusahauliwa. Bwana alimwuliza mara tatu kama ampenda. Lakini alimwuliza lini? Baada ya kumlisha. Mimi naliuliza kwanza, wala sikulisha.

Tena mtazameni Paulo. Mwishoni mwa waraka wake kwa Warumi, kabla ya salamu zake zote, amtaja Fibi, mwanamke wa kanisa la Kenkrea, mji wa bandari. Awaomba watu wa Rumi wampokee na kumsaidia katika kila neno atakalowahitaji. Waraka ule tuusomao kwa ajili ya mafundisho makuu ya haki kwa imani ulikuwa pia barua ya kumtambulisha msafiri mmoja. Paulo hakuona kazi hiyo kuwa ndogo.

Mzee mmoja ataniuliza, "Je, ahadi isidaiwe? Nani atakayeezeka kanisa?" Idaiwe, mzee wangu, kijana naye afundishwe kutoa. Lakini barua ya usharika si bidhaa inunuliwayo kwa ahadi. Ni mkono wa kanisa lililomzaa, ukimshika mtu hata mkono wa kanisa jingine umpokee. Akiachwa katikati, huanguka majini.

Kwa hiyo nawasihi mambo matatu. Kwanza, ninyi wazee na wainjilisti, mkisikia kwamba mtu yu tayari kusafiri, msimngoje aje ofisini, mwendeeni. Aandikiwe barua, aombewe mbele ya usharika Jumapili, na jina lake liandikwe katika kitabu cha wasafiri, lisomwe katika maombi. Kanda za ziwa zina dayosisi na wachungaji wa kanisa letu. Wapelekewe habari kwamba mwana wetu yuaja.

Pili, ninyi wazazi na wake, msimdai msafiri fedha tu kila mnapompigia simu. Mwulizeni kwanza kama yu mzima. Aibu ya mkono mtupu imewafungia wengi njia ya kurudi nyumbani.

Tatu, wewe kijana uendaye. Patana na mwenye mtumbwi juu ya fungu lako mbele ya shahidi. Vaa boya la kujiokolea hata wenzako wakikucheka, maana ziwa lile halina urafiki: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama na mamia ya watu, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya watu 200. Pima damu yako, na kichocho pia, maana kina dawa. Siku ya mgawo tuma fungu la nyumbani kabla mwezi haujawa mpevu. Na siku ya kwanza ufikapo, kabla hujaijua njia ya kilabu, uliza njia ya kanisa. Huna barua? Nenda vivyo hivyo. Useme, "Mchungaji wangu amekosa, lakini mimi nimebatizwa."

Bwana aliyesimama ufukoni alfajiri ile awalinde wana wetu katika giza, na katika mbalamwezi awalinde zaidi. Nasi atusamehe kwa wale tuliowaacha waende bila neno, akatupe moyo wa kuwatafuta. Amina.