Danieli Hakufunga Ili Akonde



Vijana wetu wanaosoma Jinja na Mbale wakirudi likizo, salamu yetu ya kwanza ni juu ya mwili. Aliyenenepa tunamwambia, "Umebarikiwa!" Aliyekonda tunamwuliza kama ni mgonjwa. Hofu hii tunaijua: miaka ya 1980 hapa Uganda UKIMWI uliitwa "Slim", na wengi wetu tulivuka mpaka mbavu zikihesabika. Lakini mtoto wa miaka 15 hajui hayo. Anasikia tu kwamba amehukumiwa mlangoni.

Wenzake nao humcheka akinenepa. Basi wasichana wengine wanaacha chakula siku nyingi, na ukiwauliza wanajibu, "Tunafunga kama Danieli."

Tufungue Danieli 1:8-16. Danieli alikuwa kijana, mateka, mbali na kwao, kama sisi. Aliomba mboga na maji kwa siku 10. Hakuacha kula! Na mstari wa 15 unaeleza kwamba yeye na wenzake walionekana wazuri na wanene kuliko waliokula chakula cha mfalme. Alichoogopa ni unajisi, si unene. Kufunga ili nguo ikae vizuri si saumu. Saumu ya Isaya 58 humpelekea mwenye njaa mkate. Tena msichana anayekua, anayeona siku zake, anahitaji chakula.

Upande wa pili nao tusiufiche. Jinja ni nchi ya miwa, na shilingi ya kijana huishia kwenye soda na chapati. Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wautumikishe mwili walau saa moja kwa siku. Wetu wanashinda wameinamia simu. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, milimani kupita Mbale, alishinda mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris 2024. Wembamba wake ni wa mbio.

Mtasema: mgao umekatwa, na mchungaji anahubiri unene? Ndiyo, maana chakula rahisi kinachojaza tumbo mara nyingi hunenepesha bila kujenga. Lengalenga, ambayo Waganda huiita dodo, inaota nyuma ya nyumba zetu, nasi tunaiona ni chakula cha aibu.

Wazazi, likizo hii waulizeni kwanza habari za masomo. Na mwenye kijana anayekataa chakula amlete kwetu au kituo cha afya mapema, bila kumpiga.