Tawakuli na Pikipiki: Wajibu wa Kinga katika Mtaa wa Mayfair

Swali la iwapo mja anayejikinga na madhara anapunguza kwa kufanya hivyo imani yake kwa Mola wake ni la kale katika elimu ya Kiislamu, lakini katika mtaa wa Mayfair, magharibi ya katikati ya jiji la Johannesburg, limepata uzito wa pekee, kwa kuwa linawahusu watu wanaoingia barabarani kila siku juu ya pikipiki kupeleka chakula, alfajiri ya baridi kali na alasiri ya radi, na ambao kila kifaa wanachokiongeza kwenye chombo chao hulipiwa kwa fedha ambazo zingetumwa nyumbani. Tawakuli, kama wanazuoni wanavyoieleza, ni moyo kumtegemea Mwenyezi Mungu peke yake katika kupata manufaa na kuepukana na madhara, na wapo wanaohitimisha kutokana na maana hiyo kwamba ajali iliyoandikwa haizuiliwi na tairi jipya, na kwamba aliyeandikiwa kufika atafika hata kwa tairi lililokwisha. Hoja hiyo husemwa kwa nia njema, na mara nyingi husemwa na mtu asiye na fedha za kununua tairi, jambo linaloifanya istahili kujibiwa kwa heshima na kwa ukamilifu.

Mahali penyewe pana historia inayohusika na suala hili. Mayfair ulikuwa mtaa wa wafanyakazi wa Kizungu wakati ambapo Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliwagawa wakazi wa Afrika Kusini kwa rangi, na Wahindi wa jirani yake Pageview, mahali panapojulikana pia kwa jina la Fietas, wakaondolewa kwa nguvu na kupelekwa Lenasia, yapata kilomita 30 kusini-magharibi. Katika miaka ya 1980 familia za Kihindi zilianza kuhamia Mayfair kinyume cha sheria hiyo, ambayo ilifutwa mwaka 1991, kisha wakaja Wasomali, ambao biashara zao zimeijaza 8th Avenue, na pamoja nao Waethiopia, Wabangladeshi, Wamalawi na wasemaji wa Kiswahili kutoka Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo. Wahindi wengi hufuata madhehebu ya Hanafi, ilhali Wasomali na watu wa pwani ya Afrika Mashariki ni Mashafii, kwa hiyo swali moja la fikihi, yaani elimu ya hukumu za sheria, huweza kujibiwa kwa vitabu viwili tofauti ndani ya safu moja ya swala.

Hali ya hewa ya mahali hapo haimwachii mwendeshaji nafasi ya uzembe. Johannesburg iko juu ya uwanda wa Highveld, kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake, zinazonyesha hasa kati ya Oktoba na Machi, huja alasiri kwa dhoruba fupi zenye radi na mara nyingine mawe ya barafu. Tarehe 9 Novemba 2016 mafuriko ya ghafla yalisomba magari katika barabara kuu za mashariki ya jiji, na tarehe 10 Julai 2023 ilianguka theluji, jambo ambalo wakazi wengi vijana hawakuwahi kuliona. Kati ya msimu wa baridi na wa mvua kuna hatari isiyoonekana kwa macho: miezi ya ukavu hulimbikiza juu ya lami mafuta na vumbi la matairi, na mvua ya kwanza huvichanganya vyote kuwa utelezi, mbaya zaidi juu ya michoro ya rangi ya barabarani na mifuniko ya chuma ya mashimo ya maji taka. Baridi nayo hufanya kazi yake polepole, kwa maana hewa ya nyuzi 0 humpata mtu aendaye kilomita 80 kwa saa kana kwamba ni nyuzi 10 chini ya sifuri, vidole hufa ganzi, na mkono unaochelewa kukamata breki kwa sekunde 1 tu huwa umekwisha kukiachia chombo mita 22 za barabara.

Jibu la msingi kwa hoja ya kadari, yaani kwamba yaliyoandikwa hayazuiliwi, limo katika mlango wa tawakuli wa Ihya Ulum al-Din, kitabu cha Imamu Abu Hamid al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111, ambamo sababu, yaani mambo ambayo kwa kawaida huleta matokeo fulani, zimepangwa katika daraja tatu: zilizo za yakini, zilizo za dhana yenye nguvu, na zilizo za kuwaziwa tu. Kuziacha za daraja la kwanza, kwa mujibu wake, si tawakuli hata kidogo. Mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake, akakataa kunyoosha mkono akingoja Mungu amshibishe, hana imani kubwa bali ana upungufu wa akili. Katika mlango wa kuondoa madhara anataja mtu anayelala katika mkondo wa maji ya bonde, au chini ya ukuta ulioinama, au katika ardhi ya wanyama wakali, naye hamsifu kwa ujasiri wake bali anamhesabu kuwa amevuka mipaka.

Mgawanyo huo, ukichukuliwa hadi kwa fundi wa pikipiki, unatoa mwongozo ulio wazi kuliko orodha nyingi za vifaa. Tairi ni la daraja la kwanza, kwa sababu sehemu ya mpira inayogusa lami kwa wakati wowote haizidi sana kiganja cha mkono, na mifereji iliyochongwa juu yake ndiyo inayoyatoa maji ili mpira uishike barabara. Mifereji ikiisha, hakuna ustadi wa mwendeshaji unaoweza kuchukua nafasi yake. Breki ziko hapo hapo, na cheni pia, ambayo mvua huiosha mafuta hadi ikaliwa na kutu na kukatika, na taa, ambayo sheria ya Afrika Kusini inaitaka iwashwe kwenye pikipiki mchana na usiku. Sanduku la mizigo linahitaji uangalifu wa namna yake, kwa kuwa likifungwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, tena juu mno, huupunguzia uzito mwisho wa mbele, na gurudumu la mbele lisilo na uzito halishiki barabara iliyolowa. Kulisogeza mbele na kulishusha kwa sentimita chache ni matengenezo yasiyogharimu karibu chochote. Katika daraja la pili mtu angeweka kioo cha kukinga upepo, kinga za mikono, koti la mvua la rangi inayoonekana kwa mbali, gamubuti na madigadi refu linalozuia matope. Hata hivyo daraja hizo hazikai mahali pamoja mwaka mzima: kinga za mikono, ambazo Dar es Salaam ni starehe, huko Highveld mwezi Julai huingia katika sababu za yakini, kwa kuwa mkono uliokufa ganzi ni breki iliyoharibika.

Daraja la tatu ndilo linalokula fedha za vijana wengi. Ekzosi ya kelele inayodhaniwa kumtisha mwenye gari, taa za rangi zilizozungushwa kwenye fremu, na vipasha joto vya umeme vilivyofungwa kwenye injini ya sentimita za ujazo 125, ambayo haizalishi umeme wa kuvitosheleza, hadi betri inaisha na taa kubwa inafifia katikati ya mvua: haya ni mambo ambayo mtu huyaegemea moyoni bila kuwa na msingi wa kuegemewa. Ikiwa ipo kinga inayopingana na tawakuli, basi ni hii, kwa sababu inauhamisha utulivu wa moyo kutoka kwa Mungu na kuupeleka kwenye kitu kisichofanya kazi.

Huenda ikapingwa kwamba al-Ghazali mwenyewe, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichokikamilisha mwaka 1095, alikana kwamba moto unaiunguza pamba kwa nguvu zake, akasema kuwa Mungu ndiye anayeumba kuungua pale moto na pamba vinapokutana, na kwamba tukionacho ni ada tu, yaani desturi ambayo Mungu ameipitisha katika viumbe vyake. Kwa mujibu wa itikadi hiyo tairi halisimamishi pikipiki, na kwa hiyo yaonekana kuwa hakuna haja ya kulinunua. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alijibu kwamba anayezikana sababu amekana akili yenyewe. Mjadala huo ni mzito na haukwishi kwa aya moja, lakini haumpi mwendeshaji ruhusa anayoidhania, kwa sababu ada ambayo Mungu ameipitisha ndiyo hasa inayoaminika: anayekana kuwa tairi lina nguvu zake lenyewe bado anajua kuwa Mungu ameizoesha dunia kuteleza chini ya tairi lililokwisha, na kutarajia kinyume chake ni kumdai Mungu muujiza. Khalifa Omar ibn al-Khattab alikwishalikata swali hili kwa vitendo alipoikaribia Sham katika mwaka wa 18 wa Hijra, palipokuwa na tauni ya Amwas, akageuka njiani. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana kwamba anatoka katika kadari moja na kuingia katika kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Dua ya kupanda chombo, inayotokana na Sura ya Az-Zukhruf, aya ya 13 na ya 14, inasomwa kwa moyo huo huo, kwa kuwa ndani yake msafiri anakiri kwamba asingekiweza chombo chake lau Mungu asingekitiisha kwake, na ukiri huo hauwi kweli kinywani mwa mtu asiyekitazama kile alichotiishiwa.

Mpaka hapa suala limeelezwa kana kwamba mwendeshaji anajiamulia peke yake, na hapo ndipo mahubiri mengi yanapoishia, ilhali uzito wa jambo unaanzia hapo. Al-Ghazali anamtenga mtu mwenye wanaomtegemea na mtu wa pekee: wa pekee anaweza kuivumilia njaa kwa hiari yake, lakini mwenye familia hana haki ya kuwabebesha watoto wake subira ambayo wao hawakuichagua. Kutokana na kanuni hiyo linafuata jambo ambalo mtu aliyeketi pakavu akingoja chakula chake angependa lisitajwe, kwamba tawakuli ni ya mwenye moyo, na haiwezi kudaiwa kwa mtu mwingine. Mwenye pikipiki anayeikodisha kwa wiki ikiwa na breki mbovu huku akisema kuwa roho zimo mikononi mwa Mungu hajatawakali chochote, kwa kuwa si roho yake iliyo barabarani.

Fikihi ya ukodishaji iliyaona haya tangu zamani. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj al-Talibin, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani ya Waswahili wamekisoma, anagawanya wajibu wa pande mbili katika kukodisha mnyama wa kupanda: mwenye mnyama anawajibika kwa tandiko la mgongoni, mkanda wa kulifungia na hatamu, na mwenye kukodi anawajibika kwa kile kinachomstarehesha au kumsitiri, kama kivuli na mfuniko, ama lile tandiko la kupandia farasi, linaloweza kuhesabiwa upande huu au ule, hurejeshwa kwenye desturi ya mahali. Mpaka uliochorwa hapo ni wa busara kubwa, kwa sababu bila mkanda na hatamu mnyama hapandiki wala haongozeki, kwa hiyo kilichokodishwa bila vitu hivyo si kipando. Kwa kipimo hicho matairi, breki, cheni na taa za pikipiki ya kukodi ni deni la mwenye pikipiki, koti la mvua na gamubuti ni vya mwendeshaji, na kinga za mikono na kioo cha upepo hufuata desturi, ambayo katika jiji lenye jalidi ya Juni ingepaswa kuviangusha upande wa mwenye chombo. Kuna pia kanuni ya wanazuoni kwamba faida ya kitu huambatana na dhamana yake, na wanaofaidika na pikipiki moja ya kupeleka chakula ni wengi: mwenye chombo, mkahawa, kampuni ya programu ya simu na mlaji. Sheria ya nchi bado inasitasita. Julai 2017 tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, CCMA, iliamua kwamba madereva wa Uber ni waajiriwa, na Januari 2018 Mahakama ya Kazi ikaufuta uamuzi huo kwa hoja kwamba kampuni iliyoshtakiwa, yaani tawi la Afrika Kusini, haikuthibitishwa kuwa mwajiri wao. Dhamiri ya Mwislamu anayeagiza biriani ya mtaa wa jirani wa Fordsburg usiku wa dhoruba haina sababu ya kuingoja mahakama.

Masafa anayoyaendea mwendeshaji nayo si kadari kwa maana ile ambayo mawe ya barafu ni kadari. Umbali kati ya Lenasia na jiji uliwekwa na wabunge kwa sheria yenye nambari na tarehe, na mashimo ya barabarani yanayovunja rimu yana bajeti na ofisi inayohusika. Inasimuliwa kwamba Omar alihofia kuulizwa na Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa huko Iraki kwa kuwa hakumsawazishia njia, na hofu hiyo ni ya mtawala, wala haikuhamishiwa kwa mnyama.

Inabaki hali ambayo hakuna kifaa kinachoifaa, nayo ni dhoruba ya mawe ya barafu, ambapo mwenye pikipiki, asiye na paa, hana la kufanya ila kusimama chini ya daraja au baraza ya duka. Madhehebu yote mawili ya Mayfair yanaihesabu mvua kubwa na tope kuwa udhuru wa kukosa swala ya jamaa, na Mashafii wanazidi kwa kuruhusu swala mbili kukusanywa msikitini kwa ajili ya mvua ili waumini wasirudi tena njiani. Ikiwa ibada yenyewe imempa mja udhuru wa kubaki pakavu, mfumo wowote wa kazi unaomhesabia mwendeshaji kosa kwa kusimama robo saa, au unaomwongezea malipo ili asisimame, unamtaka kwa ajili ya chakula cha moto kile ambacho Mola wake hakumtaka kwa ajili ya swala, na wanazuoni wa Johannesburg, ambao hutoa fatwa juu ya nyama halali ya mikahawa hiyo hiyo, wana kila sababu ya kuitazama pia njia ambayo nyama hiyo inapita hadi mlangoni.