Chujio la Hewa na Mtu Ajaye

Ukitaka kujua kiangazi cha Dodoma kimefikia wapi, usitazame kalenda. Fungua ubavu wa pikipiki iliyoshinda wiki nzima kwenye njia za Mkonze, toa chujio la hewa, lile ambalo gerejini huitwa eakilina, kisha likung'ute juu ya gazeti. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua huku ni hadithi, na ardhi inayokanyagwa na ng'ombe, malori na bodaboda hugeuka unga laini. Unga huo ndio utakaomwagika gazetini.

Injini nayo hupumua. Injini ya sisi 125 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huvuta hewa mara 2,500, yaani, kwa hesabu ya juu, zaidi ya lita 300 kila dakika. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita, huchanganyika na oili na kuwa msasa. Ringi hulika, silinda hupanuka, oili huanza kuungua, na moshi wa bluu hutangaza habari ambayo ilianza miezi mingi nyuma.

Kinga yake ni rahisi. Chujio la sponji huoshwa kwa mafuta ya taa au maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Huminywa bila kupopotolewa lisije likachanika, huanikwa kivulini hadi likauke kabisa, kisha hupakwa oili na kuminywa tena. Oili hiyo ndiyo inayonasa vumbi. Sponji kavu ni mlango wazi. Chujio la karatasi halioshwi. Hugongwagongwa taratibu, hupulizwa kwa upepo mwepesi kutoka ndani kwenda nje, na likichoka hununuliwa jipya.

Ugumu wa kazi hii uko kwingine. Ukiiacha, leo huoni chochote. Tena ukiliondoa kabisa chujio lililoziba, pikipiki huamka siku hiyohiyo. Ndiyo maana gerejini utasikia, "Bwana shamba, hili tulitoe tu, chombo kipumue." Na kweli kinapumua. Deni limeandikwa, lakini halidaiwi leo, na pengine halitadaiwa kwako.

Tuna misemo miwili kwa mambo kama haya, na yote huishia njiani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huonekana, na anayejenga ukuta ni yuleyule aliyeupuuza. Kitunze kikutunze, hii nayo ni biashara, nakupa nawe unipe. Kwa bodaboda aliye kwenye mkataba, anayepeleka hesabu akijua kwamba mwisho wake chombo kitakuwa chake, biashara hiyo inatosha. Sasa mchukue afisa ugani. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani wa kilimo, na uzinduzi ukafanyika hapa Dodoma. Pikipiki hizo ni mali ya umma, na watumishi huhamishwa. Barua ya uhamisho inaweza kufika kabla ringi hazijalika. Aliyeosha sponji ataondoka, aliyepuuza naye ataondoka, na wote wawili walifika kwa wakulima wao kila siku. Kwa nini basi mtu aoshe?

Kuogopa adhabu si jibu, maana hakuna awezaye kuthibitisha vumbi lililomo kwenye silinda liliingia zamu ya nani. Kwamba mali ya umma ni mali ya wote ni kweli, ila "wote" hana sura. Mpe sura. Ni binti aliyemaliza chuo cha kilimo na kupangiwa kata hii. Anatoka kwa mkulima wa alizeti saa kumi na moja jioni, na pikipiki inamfia katikati ya migunga, simu haina mtandao. Aliyemletea shida hii hakuwa na nia mbaya naye, hata hamjui. Tumezoea kupima ubaya kwa nia, na kwa kipimo hicho hakuna mkosaji hapa. Lakini kuna kipimo kingine: yule anayebeba gharama alikuwa na nafasi ya kukataa? Binti huyu hakuwapo kusema hapana. Asiyekuwapo hawezi kujitetea, kwa hiyo mikono ya aliyepo ndiyo imtetee.

Lakini wajibu huu usigeuzwe fimbo. Kusafisha kunadai mikono na muda mfupi. Huo ni wa mwendeshaji. Kubadilisha kunadai pesa. Huo ni wa mwenye mali. Mwajiri anayenunua pikipiki bila kutenga fungu la spea amelitupa deni lake kwa mtumishi wa chini. Na kuendelea kupuliza karatasi iliyokwisha kutoboka, kwa kuwa fungu halijaja, ni kujidanganya. Uaminifu hapo ni kuandika, kudai, na ikibidi kuegesha chombo.

Mkoa huu unalijua swali la nani alipe kwa ajili ya wajao. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Majani na miti vilirudi. Waliofaidika ni wengi, wengine hawakuwa wamezaliwa. Lakini wenye ng'ombe ndio waliobeba mzigo, tena kwa amri. Kuwajali wajao ni haki, na kuwagawia waliopo mzigo huo kwa usawa ni haki nyingine. Moja haifuti nyingine. Unga ulio juu ya gazeti nao ni udongo wa juu wa shamba la mtu, uleule ambao afisa ugani hupanda pikipiki kwenda kuuzungumzia.

Siku ya makabidhiano hutazamwa taa, vioo, tairi na namba ya injini. Ni nadra mtu kufungua ubavu. Anayepokea atawasha, atasikia mlio safi, na atadhani ndivyo pikipiki zilivyo. Hatamshukuru mtu. Aliyeosha sponji alilijua hilo tangu alipokuwa akiianika kivulini.