Mkuu Mpya Katika Nyumba ya Wagonjwa wa Akili

Mtumishi akipewa mkuu mpya, yampasa utii wa namna gani? Katika kazi nyingi jibu ni jepesi. Lakini katika kazi ya kuwauguza wagonjwa wa akili swali hili ni zito. Hapa Bukavu kazi hiyo twaijua, maana tangu miaka ya 1990 Mabruda wa Upendo huwatunza wagonjwa hao katika nyumba iitwayo SOSAME, na vita vya Kivu vimeongeza watu waliojeruhiwa moyoni.

Uzito watoka wapi? Mgonjwa wa mguu akitendwa vibaya hulalamika, na watu humsikia. Mgonjwa wa akili akilalamika, watu husema: "Huo ni ugonjwa wake." Akifungwa kamba pasipo haja, au akipewa dawa nyingi ili anyamaze tu, neno lake halihesabiwi. Shahidi wake ni mwuguzi akaaye naye mchana na usiku. Shahidi huyo akinyamaza, nani atasema?

Tuseme basi mkuu mpya amefika katika nyumba yo yote ya namna hii. Abadili zamu, ataka hesabu ya kila franka, aamuru wagonjwa warudishwe kwao upesi. Watumishi wa zamani wanung'unika: "Sisi tuna desturi yetu." Je, wana haki?

Kwanza, desturi peke yake si hoja. Mwaka 1815, huko Gent, mji ulio leo katika Ubelgiji, Padri Petrus Jozef Triest, aliyeanzisha shirika la Mabruda hao mwaka 1807, aliwakuta wagonjwa wa akili wamefungwa minyororo ndani ya ngome ya kale. Minyororo ile nayo ilikuwa desturi. Yeye na Mabruda wake wakawafungua, na baadaye daktari Joseph Guislain akashirikiana naye kuweka utaratibu wa kuwauguza kama watu.

Pili, upya nao si hoja. Mkuu aliyepokea funguo jana hajui ni mgonjwa gani aogopaye giza, wala ni nani asiyekula mpaka aketi karibu na mtu amwaminiye. Wauguzi wayajua hayo, hata kama hayakuandikwa po pote. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake, aliagiza abate awaite ndugu wote shaurini, hata vijana. Mkuu na aulize kabla ya kuamuru.

Tatu, kabla ya kupinga amri mtumishi ajiulize: ni nani aumiaye, mimi au mgonjwa? Zamu mpya ikimpunguzia starehe yake tu, na atii. Lakini amri ikimdhuru mgonjwa, sharti aende kwa mkuu mwenyewe aseme waziwazi, si kunong'ona uani.

Pengine mtu atasema: "Nitafukuzwa, na watoto wangu watakula nini?" Hofu hiyo ni ya kweli, wala tusiidharau. Kwa hiyo yafaa waende wawili au watatu pamoja, kwa heshima, na jambo lenyewe liandikwe katika daftari la zamu. Lakini kunyamaza kabisa hakuruhusiwi. Mtumishi aweza kutafuta kazi penginepo, ijapokuwa kwa taabu. Mgonjwa aliyefungwa hawezi kwenda po pote.

Wakuu huja na kuondoka. Mgonjwa ndiye ambaye nyumba ilijengwa kwa ajili yake, na kwa yeye amri na desturi zote zipimwe.