Mwiba wa Kujidunga na Neno Pole

Wahenga walisema: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii twaifundisha madarasani mara nyingi, nasi huieleza kwa wepesi kwamba aliyejitakia madhara asingoje kuhurumiwa. Lakini methali ni kama kisu; yafaa makali yake yachunguzwe kabla ya kutumiwa. Je, mtu aliyekwenda hospitali kwa hiari yake, akaomba apasuliwe, akarudi nyumbani siku ile ile na jeraha lenye nyuzi chache, naye amejidunga mwiba? Anastahili pole, au anyamaze?

Swali hili si la mzaha. Na tulitazame mahali ambapo lina uzito, yaani Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko kusini-magharibi mwa Uganda. Makazi haya yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, yakawapokea kwanza watu waliokimbia kutoka Rwanda. Baadaye walikuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni na penye maji. Zamani makazi hayo yalihesabiwa katika wilaya ya Mbarara. Sasa yamo katika wilaya ya Isingiro. Hata hivyo, mji wa Mbarara, wenye hospitali ya rufaa, ndio unaotazamiwa na mgonjwa ambaye vituo vya afya vya karibu havikuimaliza shida yake.

Tumchukue, kwa mfano tu, mama mmoja wa makazi hayo. Ana vinundu viwili, kimoja begani na kimoja nyuma ya shingo. Ni uvimbe wa mafuta: laini, huteleza chini ya kidole, hukua polepole kwa miaka mingi. Tabibu amwambia kwamba hauelekei kuwa saratani. Basi kwa nini aupasue? Kwa sababu begani ndipo inapopita mbeleko ya mtoto. Shingo ndiyo inayohimili dumu la maji lililo kichwani. Na macho ya watu sokoni huangukia kinundu kabla ya kuuona uso. Anachomwa sindano ya ganzi, ngozi inapasuliwa, uvimbe unatolewa, jeraha linashonwa. Halazwi. Anaagizwa asililoweshe jeraha, asibebe mizigo, na arudi kutolewa nyuzi baada ya wiki moja au mbili.

Wanaomnyima pole wana hoja tatu. Kwanza, alichagua mwenyewe. Pili, jambo lenyewe ni dogo. Tatu, majirani zake wamepatwa na makubwa zaidi.

Hoja ya kwanza yatokana na kuielewa methali vibaya. Wahenga walimlaumu mzembe, aliyeuona mwiba akaukanyaga. Mama huyu hakujidunga mwiba, aliutoa. Nasi twajua, tuliokulia mashamba, kwamba mwiba uliozama hautoki kwa kubembelezwa. Hutolewa kwa sindano, pengine kwa mwiba mwingine. Mwenye kukubali maumivu ya leo ili aondokane na udhia wa miaka hakufanya uzembe. Ametumia busara, na busara haimwondolei mtu haki ya kuhurumiwa.

Hoja ya pili yategemea neno "ndogo". Madaktari husema operesheni ndogo, na kwa kipimo chao wasema kweli: kisu hakikuzama sana, muda haukuwa mrefu, hatari ya kifo ni chache. Lakini kipimo hicho hupima kazi ya mpasuaji. Hakipimi maisha ya aliyepasuliwa. Kwa karani, wiki mbili bila kubeba mzigo si kitu. Kwa mtu ambaye maji, kuni na jembe vyote vyangojea mabega yake, wiki mbili hizo ni pengo la nyumba nzima. Tena uvimbe ukipelekwa maabara kuchunguzwa kwa darubini, kuna siku za kungoja jibu, na hofu ya siku hizo haionekani kwa jicho la jirani.

Hata ngozi yenyewe yatufundisha. Baada ya wiki tatu hivi, jeraha lililofunga vizuri lina kiasi cha moja ya tano tu ya nguvu ya ngozi ya awali. Na baada ya miezi, kovu halipiti sana nne ya tano. Kwa hiyo anayeona nyuzi zimetolewa akasema, "Umeshapona, twende shambani," ameona upande wa nje tu.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu. Pale Nakivale, jirani wa mlango wa pili huenda aliacha makaburi nyuma yake. Mbele yake, nani atathubutu kusema kwamba shingo yamwuma? Mgonjwa anayenyamaza kwa staha hiyo anastahili heshima yetu. Lakini kumnyamazisha ni jambo jingine. Kama pole ingekuwa ya mwenye maumivu makubwa kuliko wote, basi kijiji kizima kingekuwa na mtu mmoja tu wa kuambiwa pole. Huruma si posho ya kupimwa kwa mizani, hata tuseme kwamba anachopewa huyu kimepunguzwa katika fungu la yule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na aliyelalia kitanda kibaya kuliko vyote huenda ndiye atakayetangulia kubisha hodi kwa jirani, dumu la maji mkononi.

Hata hivyo, haki hii ina wajibu wake. Anayeuguza jeraha dogo asilikuze kwa maneno, wala asiufanye mgongo wa jirani kuwa mgongo wake wa kudumu. Aseme maumivu yake kwa kadiri yake, afuate maagizo ya tabibu, na siku ya kupona alichukue dumu lake mwenyewe. Nao majirani wasingoje kuombwa, kwani mgonjwa haulizwi uji.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna mchango wetu katika jambo hili. Wanafunzi wageni hudhani kwamba pole ni kuomba radhi, wakashangaa: "Mbona waniambia pole, nawe hukunikosea?" Tuwaonyeshe kwamba neno hilo ni ndugu wa upole na polepole. Anayetamka pole hakiri kosa, wala hapimi ukubwa wa jeraha. Amwambia mwenzake: nenda taratibu, sisi hatutakukimbiza. Ni ruhusa ya kutofanya haraka, na ruhusa hiyo ndiyo anayoihitaji mtu ambaye ngozi yake imefunga nje lakini bado yajijenga ndani.

Basi tutakapoifundisha tena methali ya mwiba, tuwaulize wanafunzi wetu: huyu aliye mbele yenu, alijidunga au aliutoa? Nao wasipoweza kubainisha, na waseme pole. Afadhali pole iliyomwangukia asiyestahili kuliko kimya kilichomwelemea anayestahili.